Sahani ya Mama Felisita

Jumatatu, 5 Mei

Uji umeshika chini. Nimeula hivyo hivyo.

Ndanu ameingia kutoka zamu ya usiku, amevua viatu mlangoni, amenibusu kwenye paji la uso, amepanda ngazi na simu sikioni. Anaongea na yule wake. Mlango ukafungwa. Mjukuu huyu nimemlea katika nyumba hii ya Hodge Hill na hajawahi kunifungia mlango. Nilitoka Machakos nikaja huku ng'ambo yeye akiwa na pengo la meno ya mbele. Mama yake, Mumbua wangu, alikuwa anafanya unesi usiku kucha na hakuna wa kumshika mtoto. Mimi ndiye niliyempeleka shule. Jioni yeye ndiye aliyenifundisha kuandika, kwenye meza hii hii, ananishika kidole ananiburuza nacho. Kwa hiyo sauti yake ya ukweli ninaijua. Na ile nyingine pia.

Leo ni ile nyingine.

Kijana anaitwa Wilber. Wa Peru. Anachomelea pete na mikufu ya fedha kwenye karakana moja kule Hockley. Vidole vyake vina alama za moto. Hilo sina neno nalo, mwanamume awe na alama za kazi. Kiswahili kidogo Ndanu amemfundisha. Lakini anacheka sana. Na nikiingia jikoni wanyamaza wote wawili.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeona kwa macho yangu.

Wilber alikuwa sebuleni anaongea na mama yake kwa simu ya video. Nikapita nyuma yake na kikapu cha nguo. Mama ameketi chini, nyuzi amezifunga kiunoni, anafuma. Ukutani nyuma yake kuna kofia. Nyekundu, ya kufunika masikio. Ndogo. Ya kuingia kichwa kama chungwa.

Ndanu akaigeuza simu haraka.

Wilber alishasema yeye ni mtoto wa pekee. Baba alikufa. Mama anaishi peke yake. Sasa kofia ya mtoto mchanga ni ya nani?

Sikuuliza. Nimekunja shuka moja mpaka ikawa kama tofali.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya ibada nimemwambia Mama Neema. Yeye ni wa Bukavu, tunakaa benchi moja kila Jumapili, siri yangu anaijua na yake ninaijua.

"Mama, uyu kijana iko na bibi kwabo," akasema. "Na mutoto. Mi nakuambia. Utaenda, utamukuta pale pale."

Alifurahi kupita ilivyofaa. Lakini ndilo lililokuwa moyoni mwangu.

Tunaondoka Jumanne kwenda Peru, mimi na Ndanu na Wilber. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema: hakuna msichana wa nyumba yangu atakayeolewa mahali ambapo sijaona moshi wa jiko lao. Nilisema ili waogope. Hawakuogopa. Mumbua akakata tiketi siku hiyo hiyo, Mumbua ambaye hawezi kununua viatu bila kuvifikiria mwezi mzima. Nikamuuliza haraka ya nini.

"Mwaitu, mama yangu, si wewe ulitaka?" Akasema hivyo akiangalia sinki.

Binti yangu akiangalia sinki kuna jambo.

Nimeweka sheria moja na sijamwambia mtu. Kwetu Ukambani ukila katika nyumba ya wanaomtaka binti yako kabla hujaridhika, basi umekubali. Huwezi kumeza nyama ya watu halafu ukafungua mdomo huo huo kuwakatalia. Kwa hiyo sitakula. Wala maji sitakunywa. Nimepika chapati kavu, za kukaa, nimezifunga kwenye mkebe. Ndanu akauliza za nini. Nikamwambia za ndege.

Alhamisi, 15 Mei. Kusko

Tumefika jana. Mji uko juu kama mtu aliyekasirishwa na wenzake akaenda kukaa peke yake. Kichwa kinagonga. Nikipanda ngazi za hoteli nasimama katikati kama gari bovu.

Mhudumu akaniletea kikombe cha maji moto na majani ndani. Wilber akasema ninywe, yanaondoa kizunguzungu, ni koka. Koka. Pale gereza la Winson Green kuna watu wamefungwa kwa mti huu huu, na huyu ananipa asubuhi badala ya chai. Nikakisukuma. Ndanu naye hakunywa. Alisema hapendi harufu yake. Nikaona vizuri, bado ana akili.

Nimemchunguza Wilber siku nzima. Kila mtu hapa anamsalimia. Hakuna mwanamke aliyemtazama vibaya. Huenda amewaonya.

Ijumaa, 16 Mei. Kusko

Niandike yote kama yalivyokuwa.

Tulitoka mapema na gari la kukodi. Mpango: kuona mawe ya wazee wao, wale Wainka, halafu mchana kwa mama yake, anakofuma. Wilber alikaa mbele akitueleza kila kilima. Mtu anayeeleza sana namwekea alama.

Kwanza Pisak. Mlima mzima umechimbwa matuta, moja juu ya lingine, kuta za mawe zimeinama kidogo kuegemea udongo. Nilisimama. Hiyo kazi ninaijua. Nimechimba matuta Machakos na akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kazi, kilima kizima tukakikata kwa jembe, Mumbua akiwa mgongoni amelala. Mgongo huu bado unakumbuka. Wilber akasema mfalme wa Inka ndiye aliyejenga.

"Yeye alibeba lipi?" nikamuuliza.

Akacheka. "Hakuna, Susu. Watu ndio walibeba."

"Wanaitwa nani?"

"Hawakuandikwa."

Hakudanganya hapo. Niliona. Ikaniudhi kwamba hakudanganya.

Ananiita Susu, kama Ndanu anavyoniita. Hakuna aliyempa ruhusa. Nyanya wa mtu si wa kuokotwa.

Halafu Oyantaitambo. Mawe makubwa kuliko basi, yameunganishwa bila saruji. Nikajaribu kuingiza ukucha kati ya jiwe na jiwe. Haukuingia. Watu wale walikuwa na subira au walikuwa na viboko, moja kati ya hayo. Ngazi zinapanda mpaka mbinguni. Mimi nilipanda nusu kwa ukaidi tu. Ndanu hakupanda hata moja. Aliketi chini kwenye kivuli akasema amechoka na hewa. Wilber akamkimbilia na maji. Akamvua koti. Akapiga magoti akamfunga kamba ya kiatu mbele ya wazungu wote. Nikatazama kutoka juu nikawaza: mwanamume mwenye kosa hutumikia hivyo.

Njiani nilikula chapati moja, nikijificha na leso kama mwizi.

Mchana tukafika Chinchero, kwa mama yake. Nyumba ya udongo, imepakwa chokaa, safi. Juu ya paa ng'ombe wawili wa kufinyanga, na msalaba katikati yao. Sasa mnaomba nani hapo? Nikaomba wangu kimoyomoyo.

Mama anaitwa Felisita. Mfupi. Misuko miwili mirefu mgongoni, ameifunga pamoja nchani. Ana mashavu yaliyochomwa na baridi na jua. Alinikumbatia kabla sijajiandaa. Ananuka moshi na sufu. Harufu nzuri, niseme ukweli.

Akatuonyesha kazi yake. Mzizi fulani anaukwangua ndani ya maji, unatoa povu, anafulia sufu. Kisha akatoa tunda la mpungate, lile lile la miiba linalozunguka maboma kwetu, lina vumbi jeupe. Vumbi lile ni wadudu. Akamponda mmoja kiganjani. Nyekundu ikatoka, nyekundu kama ya kuchinja. Maisha yangu yote nimepita kando ya mpungate na hakuna aliyeniambia kuna rangi humo. Akanipaka kidogo kwenye kidole. Sikumzuia. Macho yangu yalikuwa yanatafuta kitu kingine. Kitanda cha mtoto. Kiatu kidogo. Nguo ya mwanamke kijana kwenye kamba.

Kofia ilikuwa pale pale ukutani.

Wakaleta chakula. Yule mnyama wao mdogo, kama sungura asiye na masikio, ameokwa mzima na meno yake. Viazi vya rangi tatu. Mahindi ya punje kubwa kama kucha za gumba. Mama Felisita akamwaga tone la pombe ya mahindi chini, kisha akanipa kikombe kwa mikono miwili.

Nikatikisa kichwa.

Akanipa sahani. Nikatikisa kichwa.

Wilber akasema, "Susu, kidogo tu. Amepika tangu alfajiri."

"Nimeshiba."

"Susu, please," Ndanu akasema chini chini. "Usifanye hivi."

Nikakunja mikono. Mama Felisita akanitazama. Muda mrefu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma. Akachukua sahani yangu, akaifunika kwa kitambaa, akaiweka kando ya moto. Kana kwamba nitairudia.

Basi nikanyoosha kidole ukutani. Nikasema kwa Kiswahili, sikutaka lugha ya mtu: "Wilber, mtoto mwenye kofia hii yuko wapi?"

Wilber akamgeukia Ndanu.

Ndanu akaweka mkono tumboni.

"Yuko hapa, Susu."

Sijui nilisimama vipi. Nilijikuta nje, nimekaa kando ya ukuta kwenye jua, nimekumbatia kiondo changu. Mimi niliyepokea watoto wa majirani kwa mikono hii. Mimi ninayemjua mwanamke mjamzito kwa jinsi anavyoinama kuokota kijiko. Mjukuu wangu amekaa mbele yangu na mimba, na mimi namkagua Wilber.

Ndanu alipotoka nje nikamuuliza ni nani mwingine anayejua. Akalia. Mumbua anajua. Mumbua! Ndiyo maana ya tiketi. Mpango wote ulikuwa niletwe, nione watu wazuri, nilainike, kisha niambiwe. Kama mtoto anayepewa peremende kabla ya sindano. Mwanamke wa mlima wa mbali alijua akaanza kufuma. Mimi sikujua.

"Nilikuogopa," Ndanu akasema. "Wewe ulisema hakuna tumbo kabla ya mbuzi wa mahari."

Ni kweli nilisema. Nilisema mara nyingi, na kwa sauti.

Nikamwambia aende ndani, kuna upepo. Na kwamba mtu mwenye mimba hapandishwi mlima ambapo hata mzee anakosa pumzi, waliokubali hilo ni wajinga wote, na daktari wao. Akaenda.

Akaja Mama Felisita. Akaketi kando yangu na kijiti chake cha kusokotea sufu. Hajui neno langu, sijui lake. Akasokota. Baadaye akavuta kiondo changu taratibu, kile nilichosokota mwenyewe kwa mkonge. Hakuangalia maua ya pembeni kama wanavyofanya watu. Akakipindua, akagusa katikati ya kitako, pale kinapoanzia. Akaitikia kwa kichwa.

Tulipoondoka akanipa kifurushi. Vitambaa viwili virefu, vyembamba, vyenye maua na ndege. Mbeleko, Wilber alisema, ya kubebea mtoto. Lakini ni nusu mbili. Hazijashonwa. Ananipa kitu ambacho hakijaisha? Kwa sababu nilikataa chakula chake? Nikakipokea kwa sababu Ndanu alikuwa ananitazama.

Sikula. Nina njaa. Nina hasira. Sitaki kuandika tena.

Jumamosi, 17 Mei

Sijaongea na mtu. Wilber ameniwekea chai mlangoni. Chai ya kawaida, ya maziwa. Sijui aliyapata wapi.

Nimeinywa. Hii ni hoteli, si nyumba yao.

Alhamisi, 22 Mei

Hodge Hill. Mvua. Kitanda changu.

Mumbua alinisubiri jikoni na sare yake ya kazi. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo. Yeye ni mtu mzima, mtoto wangu, na alinificha damu yangu. Hakujitetea. Alisema tu, "Mwaitu, alikuwa anatetemeka. Alisema Susu atamfukuza."

Nimfukuze niende wapi mimi? Nani atanisomea barua za hospitali? Nani atanilaza miguu kwenye mapaja yake tukitazama habari?

Lakini alifikiri hivyo. Huyu niliyemfunika na leso yangu kila baridi. Mdomo wangu ulimfikisha hapo. Nimekaa na jambo hili tangu asubuhi.

Jumapili, 25 Mei

Mama Neema alinidaka mlangoni mwa kanisa. "Mama, ulimukuta?"

"Nilimkuta."

"Na mutoto?"

"Na mtoto."

Akapiga makofi kwa ushindi. Kisha nikamwambia mtoto ni wa nani. Akafunga mdomo mpaka neno la mwisho la mahubiri. Ni mara ya kwanza nimemwona hivyo.

Ile mbeleko bado ninaishuku. Nimeitandaza kitandani. Kila ukingo umefumwa ukaisha vizuri, hakuna uzi uliokatwa popote. Mwanamke anayefanya kazi namna hii haachi kitu katikati kwa uvivu. Wala kwa kusahau. Basi ni tusi, au ni ujumbe. Nami sipendi kimoja wala kingine.

Jumatatu, 26 Mei

Leo sikukuu, karakana imefungwa. Wilber amekuja. Amebisha hodi, amebaki nje kwenye mvua mpaka nikasema karibu. Nikamwambia akae. Nikaleta vile vitambaa viwili, nikavitupa mezani.

"Hii ni nini? Sema ukweli wote, usicheke."

Hakucheka. Kiswahili chake kinachechemea lakini kinafika. Alisema mama yake alikusudia kuishona mwenyewe siku ile, baada ya chakula, sisi tukiwa pale. Akaona nimekataa kikombe. Huko kwao watu wakienda kuposa hubeba kikombe cha pombe na majani ya koka. Wenye binti wakipokea, wamekubali. Wasipopokea, hawajakubali.

"Mama yangu alielewa, Susu. Mimi sikuelewa, nilifikiri ni kichwa kinakuuma. Yeye alisema, bibi huyu hajasema hapana. Amesema bado. Kwa hiyo asishone yeye. Ashone bibi, akitaka."

Nikamwangalia. Nilitafuta ule uongo niliokuwa nikiutafuta tangu mwanzo wa mwezi. Nikageuza uso wake huku na huku kwa macho kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Haukuwepo. Kijana ana woga tu. Na alama za moto vidoleni. Na koti limelowa.

Nikamwambia alivue kabla hajapata kikohozi na kuniambukizia nyumba.

Kwa hiyo yule mwanamke, na sahani ile aliyoifunika akaiweka kando ya moto. Alijua. Nyumba nzima yeye peke yake ndiye aliyejua ninafanya nini.

Jumatano, 28 Mei

Uji leo haukushika chini.

Jana Wilber alipika hapa. Mama yake alinipakia kifuko cha viazi ambavyo huachwa nje vigandishwe na baridi, kisha hukanyagwa kwa miguu, kisha hukaushwa na jua mpaka vinakuwa vyeusi na vyepesi kama mawe ya kusugulia miguu. Vinakaa miaka. Alivichemsha na nyama ya kondoo. Mumbua alikuwepo, na Ndanu. Walikuwa wananitazama mdomo.

Vina ladha ya udongo. Vibaya kabisa. Nikamaliza sahani, nikaomba nyingine.

Ndanu alilia ndani ya mchuzi wake. Nikamwambia ale, analisha wawili. Na Wilber nikamwambia mbuzi bado ninawadai, viazi si mbuzi, asijidanganye. Akasema, "Ndiyo, Susu." Sasa nimempa ruhusa ya neno hilo.

Leo nimekaa dirishani penye mwanga. Ndanu amelala juu, mlango uko wazi, ninamsikia akigeuka. Nimetia uzi mwekundu kwenye sindano, nimeshona nusu mbili zile kuanzia chini. Mshono wangu si kama wake. Umepinda mahali pawili, macho yangu si yale ya zamani. Nimeuacha hivyo. Nimeuvuta kwa nguvu zangu zote, unashika.

Kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba. Sikuwa nimelifikiria hilo mpaka leo.

Felisita.

Nimelitamka jikoni nikiosha kikombe. Halafu tena, taratibu. Linaingia mdomoni.

Mvua imekatika. Nimetoa nguo nje.